Mwalimu Kaswera Arudi Masomoni

Huku Katoyi, mtaa wa Goma, ukimwuliza kijana wa miaka ishirini na kitu ni nani aliyemfundisha kusoma, huenda akakutajia Mwalimu Kaswera. Kwa miaka ishirini na mmoja Kaswera Thérèse alifundisha mwaka wa kwanza wa shule ya msingi, katika shule ile ile, mbele ya ubao ule ule uliopasuka pembeni. Watoto walifika kwake hawajui kushika kalamu. Walipofunga mwaka walikuwa wanasoma majina ya maduka barabarani kwa sauti, mpaka mama zao wanawaomba wanyamaze kidogo.

Alikuwa na njia zake. Hakuanzia kwenye daftari. Alimwaga mchanga mweusi wa volkano ndani ya sahani za bati, kila mtoto akachora herufi kwa kidole, akafuta kwa kiganja, akaanza tena. Madaftari yalikuja baada ya Noeli, na hata hapo aliyatoa moja moja, kwa yule aliyemwona yuko tayari.

Lakini yeye mwenyewe hakuwa amemaliza sekondari. Alizaliwa upande wa Butembo, akasoma mpaka mwaka wa nne, akapata ile karatasi ambayo walimu huiita D4. Kisha vita vikafunga shule, na muda si mrefu akaolewa na Kamate, mfanyabiashara wa maharagi aliyemleta Goma. Siku hizo walimu walikuwa wachache, na D4 ilitosha kumpa mtu darasa. Miaka ikaenda. Wakaja walimu vijana wenye diploma ya Serikali, wengine wametoka chuo kikuu kabisa. Kaswera ndiye aliyewaonyesha jinsi ya kutuliza watoto sabini bila kupiga kelele, nao wakawa juu yake kwenye orodha ya vyeo. Alizoea. Alijua anachokijua, na hiyo ilimtosha.

Mwaka 2021, miezi michache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, direkta wa shule, Papa Buhendwa, alimwita ofisini. Shule kadhaa za upande wa Kibati zilikuwa zimefunikwa na lava, na watoto wao walikuwa wamegawanywa kwenye shule za mjini. Madarasa yalikuwa yanapangwa upya. Buhendwa ni mtu mpole wa upande wa Bukavu, anayezunguka sana kabla ya kulifikia jambo. Alizunguka siku hiyo pia, akauliza habari za Kamate na za watoto, kisha akasema kwamba kamati ya wazazi inataka kila darasa liwe na mtu mwenye diploma. Alikuwa amewaomba wangoje mwaka mmoja. Baada ya hapo asingeweza kumtetea tena.

Kaswera alirudi nyumbani na hasira ambayo hakujua amwelekezee nani.

Kwa mtu mzima anayetaka kurudi masomoni, Goma haikosi milango. Kamate, aliporudi safari, alimshauri achukue biashara na usimamizi. Kulikuwa na kituo karibu na soko kinachofundisha mambo hayo alasiri, na mke mwenye diploma ya biashara angemfaa dukani. Wifi yake alimpeleka Keshero kuona kituo cha ushonaji, vyerehani kumi na viwili vimepangwa mbele ya dirisha, wasichana wameinama juu ya vitambaa. Ndani ya miezi tisa unatoka na brevet, cheti cha fundi, na ufundi mkononi, wifi akamwambia, na hakuna kamati itakayokuja kukuuliza kitu. Kaswera alikaa pale karibu saa nzima. Alipenda utulivu wa chumba kile. Alimwangalia mwalimu wa ushonaji akimshika msichana mkono ili kunyoosha mshono, akagundua kwamba alichokuwa anatazama muda wote ni ule ufundishaji, wala si nguo.

Basi akachagua ualimu. Hapo Keshero, katika vyumba vya shule moja ya sekondari, kulikuwa na masomo ya Jumamosi kwa watu wazima wanaojiandaa kwa Examen d'État, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Mtu wa namna hiyo, asiyesoma kwenye shule ya kawaida, huitwa autodidacte. Anafanya kwanza jaribio la kuchujwa, na akipita anaingia kwenye mtihani ule ule wa nchi nzima pamoja na vijana wa miaka kumi na nane. Kila mmoja anachagua tawi lake, na Kaswera akaandika: ualimu.

Aliniambia baadaye, bila aibu, kwamba aliandika vile kwa kiburi. Alidhani anakwenda kuchukua karatasi tu. Nani angemfundisha yeye jinsi ya kufundisha?

Walikuwa watu kumi na wanne darasani. Aliketi benchi moja na Akonkwa, karani wa zahanati, mwanamke wa kabila la Washi aliyechagua biashara. Masomo ya Kifaransa na ya jumla waliyasoma pamoja, ya tawi kila mmoja alikwenda chumba chake. Akonkwa alikuwa na Kifaransa kizuri kuliko yeye, na alimsahihishia insha zake kwa kalamu ya risasi ili mwenzake asione haya. Chumba cha ualimu kilikuwa cha Mwalimu Nsanzimana, mstaafu mwenye kikohozi kisichoisha, aliyesoma noti zake kwa Kifaransa kisha akazieleza kwa Kiswahili haraka haraka, kama mtu anayeogopa mvua itamkuta njiani.

Wiki za kwanza Kaswera alifurahi. Aligundua kwamba vitu alivyovifanya miaka yote vilikuwa na majina. Ule mchanga kwenye sahani, kuna kitabu kiliueleza kwa kurasa tatu. Kuanza na kitu kinachoshikika kabla ya alama yake, kumpa mtoto nafasi ya kukosea bila kuchekwa, yote yalikuwa yameandikwa. Alirudi nyumbani akimsimulia Kamate kama mtu aliyekuta ndugu zake wasiofahamika.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja Nsanzimana alifika kwenye somo la watoto wanaotumia mkono wa kushoto. Alisoma kwamba mtoto kama huyo asilazimishwe kubadili mkono. Mwili wake umepangwa hivyo. Ukimlazimisha anaweza kuchukia kuandika, akachelewa kusoma, hata akaanza kupata kigugumizi.

Kaswera akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nimewageuza watoto zaidi ya kumi," alisema. "Na wote wanaandika muzuri."

"Wote?" Nsanzimana aliuliza.

"Wote."

"Leo wako wapi?"

Hakumwuliza kwa ubaya. Alikohoa, akaendelea na ukurasa wa pili. Lakini Kaswera hakusikia ukurasa wa pili. Alikuwa amemkumbuka Damascène.

Mwaka 2003, mwaka mmoja baada ya mlipuko wa awali wa Nyiragongo kuuchoma mji, shule ilikuwa ya mabanzi na maturubai, na yeye alikuwa na watoto tisini na wawili. Damascène alikuwa na miaka saba, mwembamba, mcheshi, anayeandika kwa mkono wa kushoto. Kaswera mwenyewe alilelewa hivyo: mkono wa kushoto haupokei chakula, hausalimii mtu, hauandiki. Alimwonya mara kadhaa. Mtoto alisahau kila mara. Mwishowe Kaswera alichana kipande cha kitenge akaufunga ule mkono kwenye ukingo wa benchi, kila asubuhi, kwa muhula mzima. Mtoto hakulia. Aliandika kwa mkono wa kulia, herufi zimelala kama zimeanguka. Alirudia mwaka, akarudia tena, na siku moja hakuja. Watoto wengi hawakuja siku hizo. Kaswera aliufuta mstari wake kwenye daftari la mahudhurio na kuendelea.

Alimsimulia Kamate habari hiyo. Kamate alisema kwamba wakati ule walimu wote walifanya vile, hata yeye alichapwa kwa kutumia kidole kuhesabu. Ilikuwa kweli, wala haikumsaidia Kaswera. Kwa majuma kadhaa aliendelea kusoma, akafanya jaribio la kuchujwa, akapita, na watu wakampongeza. Kila alipofungua noti za Nsanzimana alikutana na ukurasa ule.

Katika darasa lake mwaka huo kulikuwa na watoto watatu wa mkono wa kushoto. Aliwahamisha wakae ncha ya kushoto ya benchi, ili viwiko vyao visigongane na vya wenzao. Mmoja wao, msichana aliyekuwa ameshageuzwa nyumbani, alimtazama mwalimu kwa wasiwasi kabla ya kuhamisha kalamu, kama anayeuliza kama huu ni mtego.

Ndipo akaanza kumtafuta Damascène. Haikuwa kazi ngumu. Shangazi yake bado aliuza makala, ule mkaa wa kupikia, nyuma ya shule. Alisema kijana yuko Kibati, ana mke na mtoto, ni seremala. Tangu volkano anajenga nyumba za mbao kwa watu waliounguliwa nyumba, na kazi haimwishi.

Kaswera alikwenda Jumapili moja ya mwezi wa pili, baada ya misa. Alipanda moto, yaani pikipiki, mpaka mahali lava ilipokata barabara, akavuka kwa miguu kwenye njia iliyokuwa imesawazishwa juu ya mawe meusi, akauliza, akaonyeshwa. Damascène alikuwa juu ya ngazi, mbele ya nyumba isiyokuwa na ukuta mmoja, anapigilia banzi. Nyundo ilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Alimtambua mwalimu kabla hajasalimiwa, akashuka.

Alipozungumza, maneno yalimkwama mwanzoni, akayangoja, yakatoka.

"Mwalimu. Kuna mutu amekufa?"

"Hapana, hakuna mutu amekufa. Nimekuja ju ya mambo ya zamani."

Alimletea kiti, yeye akakaa juu ya rundo la mbao. Kaswera alikuwa ameandaa maneno mengi njiani na yote yakapotea, isipokuwa ya mwisho.

"Nilikufungaka mukono," alisema. "Nilizani nakusaidia. Haikukuwa musaada. Nimekuja kukuomba musamaha."

Damascène aligeuza nyundo mkononi.

"Kilikuwa kitenge cha manjano," alisema. "Cha samaki."

Kaswera hakukikumbuka kitenge. Alikuwa amekumbuka mkono, na benchi, na zile herufi zilizolala. Rangi ya kitambaa ilibaki kwa yule aliyefungwa.

Damascène alieleza, polepole, kwamba mwaka ule ndio maneno yalipoanza kumkwama. Hakujua kama sababu ni kile kitenge. Baba yake naye alikuwa akikwama kidogo. Lakini yalianza pale, kwenye lile benchi, na wenzake wakamcheka, na yeye akaona afadhali abebe mbao kwa mjomba wake kuliko kusimama na kusoma kwa sauti. Alisema yote hayo bila kumlaumu, kama fundi anayekuonyesha mahali ubao ulipopasuka.

Kisha akamwita binti yake. Chance alikuwa na miaka mitano na nusu. Alikuwa ameketi upande wa pili wa rundo akichora kwa msumari kwenye kipande cha mbao, na msumari ulikuwa kwenye mkono wa kushoto.

"Ataanza mwezi wa tisa," Damascène alisema. "Niko najiuliza shule gani."

Waliongea juu ya shule. Ile ya karibu ilikuwa imefunikwa na lava. Wanafunzi wake waliobaki Kibati walisoma alasiri kwenye vyumba vya mbao vya shule jirani, zamu ya pili, wakati jua limeshachosha kila mtu. Kulikuwa na ya wamisioni, mbali zaidi, yenye nafasi chache. Kulikuwa na za watu binafsi zinazofunguliwa kila mwaka na kufungwa kila mwaka. Elimu ya msingi haikulipiwa tena kwenye shule za Serikali, lakini madarasa yalijaa mpaka mlangoni. Kaswera alimsikiliza akizitaja zote na akaona kwamba alikuwa ameshazitembelea, mojamoja, ameshahesabu mabenchi.

"Mulete kwangu," alisema. "Shangazi yako anakaa pale pale. Nitamufundisha mimi mwenyewe."

"Kwako hapana, mwalimu."

Alilisema kwa upole, na safari hii maneno hayakumkwama.

"Haiko kisasi," aliongeza. "Lakini kwako hapana. Unionyeshe tu vile nitasema na mwalimu wake. Baba yangu hakukujaka kusema."

Basi Kaswera akamfundisha. Alichukua kipande cha mbao cha mtoto akakiweka juu ya goti kama daftari, akakigeuza, pembe ya juu ielekee kulia, ili mkono usipite juu ya kile ulichoandika. Alimweleza kuhusu ncha ya benchi. Alimwambia kwamba mwalimu akisema mtoto atazoea, amjibu kwamba hakuna haja ya kuzoea. Damascène alimwomba arudie, akarudia. Chance alijaribu kwa msumari wake, akachora duara, akalifanya uso, akalipa masikio mawili makubwa.

Damascène alimsindikiza mpaka kwenye lava. Alimshukuru kwa kufika. Hakusema kwamba amesamehe, na Kaswera hakuuliza mara ya pili. Aliniambia kwamba njia nzima ya kurudi aliwaza jambo moja: katika hao kumi na zaidi aliojivunia mbele ya Nsanzimana, alikuwa amemtembelea mmoja.

Mitihani ilianza kiangazi. Kwanza somo la majaribio, ambapo mtahiniwa anafundisha mbele ya watahini wawili na watoto wa shule nyingine. Aliandaa fiche yake, karatasi ya mpango wa somo, kama noti zilivyotaka, kila hatua na dakika zake, somo la kutoa kwa kuazima. Katikati ya somo mtoto mmoja aliondoa sita kwenye arobaini na mbili akapata arobaini na nne. Kaswera aliiweka fiche mezani, akamwomba aeleze alivyofikiri, na muda wote uliobaki ukaenda kwenye kufikiri kwa mtoto yule, aliyekuwa ametoa mbili kwenye sita, yaani tarakimu ndogo kutoka kwenye kubwa popote ilipokuwa. Mtahini mmoja alimwuliza kwa nini aliacha mpango. Alijibu kwamba mpango ulikuwa wa mtoto asiyekuwepo pale. Hakujua kama jibu hilo lilimpa pointi au lilimnyima.

Kisha zikaja siku nne za mtihani wenyewe. Watahiniwa wote huvaa sare, wakubwa kwa wadogo. Kaswera, mama wa miaka arobaini na mitano, alitoka nyumbani kwa shati jeupe na sketi ya bluu, na watoto aliokuwa amewafundisha muhula ule walimfuata hadi njia panda wakimtazama wasiamini. Mmoja alimwuliza yuko mwaka wa ngapi. Alimwambia wa sita. Mtoto akasema pole.

Matokeo yalipotoka Kamate alikuwa amerudi kutoka Butembo. Kaswera alipata asilimia hamsini na sita. Kamate mwenyewe ndiye aliyemmwagia poda nyeupe ya watoto kichwani, kama wanavyofanyiwa vijana, kopo zima, na majirani wakaja kuimba mpaka ua ukawa mweupe. Akonkwa hakupita. Yule aliyekuwa na Kifaransa kizuri kuliko wote alianguka kwa masomo ya tawi lake. Alikuja kumpongeza mwenzake akiwa amevaa vizuri, akacheza kidogo, akakaa pembeni. Kaswera alijifuta unga usoni akaenda kukaa naye, na hawakuzungumza habari za mtihani.

Direkta Buhendwa alifurahi kweli. Alituma faili la Kaswera ili cheo chake kibadilishwe. Mpaka leo anasema faili liko njiani. Alimshauri pia aendelee, ajiandikishe kwenye chuo cha ualimu hapa mjini, miaka mitatu tu, kwani mtu kama yeye angeweza kuongoza shule. Kaswera alikwenda akaichukua ile karatasi yenye matawi yote ya chuo, akaisoma mara mbili mezani: saikolojia, Kifaransa, hesabu, biolojia. Kamate alimwambia kwamba safari hii hatatia neno, achague mwenyewe.

Hakujiandikisha mwaka huo. Alisema angependa kwanza kufundisha mwaka mmoja akiwa anajua anachokijua sasa. Jumamosi alikwenda Keshero pamoja na Akonkwa, aliyekuwa ameanza upya na safari hii akachagua ualimu. Nsanzimana, ambaye kikohozi kilikuwa kimemzidi, alimwomba Kaswera amsaidie sehemu ya mazoezi. Alikubali. Siku ya kwanza walikuwepo watu tisa, wengi wao walimu wa miaka mingi wenye D4, wamekaa mikono imekunjwa. Aliwaona wakimtazama, akajua vizuri kabisa wanafikiri nini. Akavuta benchi, akaketi katikati yao, akawaomba kila mmoja aeleze juu ya mtoto mmoja aliyemshinda.

Wa kwanza akakunjua mikono, akaanza kusema.